Kabla ya Mita Janja, Jua Nyumba Ipi Iko Kwenye Transfoma Ipi

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya usambazaji wa umeme, hasa mliopangiwa vitengo vya mita, mipango na mifumo, nina maneno nanyi. Nimekaa kwenye kazi hii miaka kumi na sita: minane ya kwanza nguzoni na kwenye transfoma, minane iliyofuata mbele ya kompyuta. Mtakuta ofisini watu wanaizungumzia gridi janja kana kwamba ni mzigo unaosubiriwa bandarini. Kontena zikifika, mita zikafungwa ukutani, basi, gridi imekuwa janja. Hata mimi niliamini hivyo, na ilinichukua muda mrefu kuachana na imani hiyo.

Kwanza tuelewane kazi yetu ni ipi. Umeme unazalishwa, unasafirishwa, kisha unasambazwa. Kenya, KenGen na wazalishaji wengine wanauzalisha na Kenya Power wanaufikisha kwa mteja. Tanzania, TANESCO wanabeba hatua zote tatu. Uganda, mkataba wa miaka 20 wa kampuni ya Umeme ulikwisha Machi 2025 na usambazaji ukarudi kwa UEDCL, kampuni ya serikali. Majina yanatofautiana, lakini upande wa usafirishaji una macho, wetu kwa sehemu kubwa hauna. Laini ya kilovolti 220 ikitetereka, chumba cha kuongozea mifumo kinajua papo hapo. Laini za kilovolti 33 na 11 tunaziona mpaka pale zinapotoka kituo cha kupoza umeme, na baada ya hapo ni giza. Transfoma ya mtaani ikizidiwa, wa kwanza kujua ni mtu ambaye taa zake zimefifia, na sisi tunajua akipiga simu dharura. Kuyapeleka macho kule chini ndiyo gridi janja. Hakuna mwingine wa kuifanya kazi hiyo, kwa sababu nguzo ni zetu, waya ni zetu, na simu inapigwa kwetu.

Sasa niwaeleze transfoma iliyonifundisha.

Ilikuwa ya kVA 100 (kVA ndiyo kipimo cha mzigo inaoweza kubeba), kwenye mtaa wa nyumba za kupangisha. Kila siku, saa moja jioni ikikaribia saa mbili, fyuzi ya fezi nyekundu, mmoja wa waya tatu zinazogawana mzigo wa mtaa, inaungua. Watu wa dharura wanaibadilisha, kesho yake inaungua tena. Ofisini pendekezo lilishaandikwa: ing'olewe, iwekwe ya kVA 200. Msimamizi wangu, fundi mtu mzima aliyebakiza miaka michache kustaafu, akanipa klampu mita, kipimo kinachobana waya na kusoma ampea, akaniambia, "Nenda kapime saa mbili usiku. Usiniletee makadirio."

Nikaenda. Fezi nyekundu ilikuwa na ampea 180, njano 60, bluu 75. Transfoma ya kVA 100 kwenye volti 400 inabeba ampea 144 hivi kwa kila fezi. Jumlisha: tulikuwa tunatumia ampea 315 kati ya 433. Transfoma ilikuwa na nafasi kubwa tu, ila fezi moja ilikuwa inabebeshwa kazi ya wenzake. Kwenye nyutro, waya ambao mizigo ikilingana hauna cha kubeba, nikakuta ampea zaidi ya 110. Nyumba ya mwisho ya ile fezi nyekundu, mahali panapotakiwa volti 230, ilikuwa inapata 187. Friji haiwaki kwa volti hizo. Inanguruma tu, inapata moto, siku moja inakufa, na mwenye nyumba anaambiwa alinunua feki.

Chanzo kilikuwa rahisi. Kila mteja mpya aliyekuja, fundi alimuunganisha kwenye waya uliokuwa karibu na mkono wake. Hakuna aliyeandika. Tulihamisha wateja kwa siku mbili, fezi zikakaribiana, fyuzi ikaacha kuungua. Hatukununua transfoma.

Lakini kilichonikaa moyoni ni rejista. Tulipoomba orodha ya wateja wa transfoma ile, mfumo ulitoa wateja 61. Tulipotembea nguzo kwa nguzo tukahesabu 94. Wale 33 walikuwa wameandikwa kwenye transfoma ya ng'ambo ya barabara, ambako walikuwa kweli zamani, kabla laini haijapangwa upya. Waya ulihamishwa, karatasi ikabaki pale pale.

Fikirini mngefunga mita janja 94, zile zinazotuma na kupokea taarifa zenyewe, kwenye mtaa ule bila kugusa rejista. Kila mita ingetuma taarifa zake vizuri kabisa. Hesabu ya upotevu wa umeme ni kuchukua uniti zilizotoka kwenye transfoma na kutoa uniti zilizopimwa kwa wateja wake. Kwa rejista ile, transfoma yetu ingeonekana imejaa wezi, na ile ya ng'ambo ingeonekana wateja wake wanatumia umeme mwingi kuliko unaotoka. Hilo la pili lingetosha kumshtua mtu yeyote makini, lakini ripoti za upotevu husomwa kwa kutafuta wezi, na namba hasi inarukwa kama kosa la kompyuta. Nimeona yanavyokuwa. Kwenye shirika moja nililofanyia kazi, mama mmoja alifunguliwa boksi la mita mara tatu ndani ya mwezi, majirani wakiangalia, kwa sababu mtaa wake ulitoka mwekundu kwenye ramani. Hakuwa ameiba hata uniti moja. Alikuwa ameandikwa mahali pasipo pake. Mkiwa mnasafisha rejista na mkaona kazi inachosha, mkumbukeni mama yule.

Jambo la pili ambalo wageni wengi hulichanganya: mita ya tokeni siyo mita janja. Mita ya tokeni inapokea, haijibu. Kama hamkuwa kazini mwaka 2024, waulizeni wenzenu habari za tarehe 24 Novemba. Kila tokeni ya tarakimu 20 ilibeba ndani yake muda iliotengenezwa, ukihesabiwa kwa dakika kuanzia 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ni biti 24, yaani dakika 16,777,216, na hizo ni pungufu kidogo ya miaka 32. Siku ile zilikuwa zinakwisha. Mita ambayo ingekuwa haijabadilishiwa ufunguo, yaani namba ya siri inayoitumia kuzitambua tokeni, ingekataa tokeni zote mpya, na makumi ya mamilioni ya mita duniani zilikuwa na shida hiyo hiyo kwa tarehe hiyo hiyo. Dawa ilikuwa mteja aingize tarakimu 20 za kwanza za kubadilisha ufunguo, kisha 20 za pili, ndipo aingize za uniti alizonunua.

Ndiyo maana mlisikia matangazo redioni, jumbe kwenye simu na magari ya vipaza sauti mitaani. Hakukuwa na njia ya kuifikia mita isipokuwa kidole cha mteja mwenyewe. Mita janja ya kweli ungeitumia ufunguo mpya usiku, asubuhi ingekuletea jibu kwamba imepokea. Na pale nako rejista ilijitokeza. Kulikuwa na mita ambazo mwenye jina kwenye mfumo alishauza nyumba, mpangaji hana namba ya simu kwenye kumbukumbu, na boksi liko ndani ya geti linalofungwa mchana kutwa.

Wenzetu waliotangulia walipitia nini? Italia ndiyo mfano ninaoupenda, kwa sababu msambazaji ndiye aliyeibeba kazi. Enel walianza mwaka 2001, na kwa takribani miaka mitano wakawa wamewafikia wateja wapatao milioni 30. Mita haikuwa na laini ya simu. Ilituma taarifa kupitia waya ule ule wa umeme mpaka kwenye kifaa cha kukusanya taarifa kilichofungwa kwenye transfoma, na kutoka hapo ndipo mtandao wa simu ukachukua. Tazameni uzuri wa mpango huo: mita inazungumza kupitia transfoma yake, kwa hiyo waya wenyewe unakusaidia kujua mteja yuko wapi. Usiutegemee asilimia mia, maana mawimbi huvuja mpaka transfoma ya jirani pale nyaya zinapopita karibu, lakini ni ushahidi mzuri wa kulinganisha na rejista. Uingereza walichagua njia nyingine, kazi ya kufunga mita wakawapa wauzaji wa rejareja wa umeme. Mita nyingi za kizazi cha kwanza zikapoteza ujanja wake pale mteja alipohamia kwa muuzaji mwingine, zikabaki kusomwa kwa macho. Muuzaji anaondoka na mkataba wake. Msambazaji haondoki mtaani.

Kuhusu njia ya mawasiliano, msikubali mzabuni awaambie kwamba njia moja inatosha kila mahali. Kutumia waya wa umeme kunafaa mjini penye nyumba nyingi kwa kila transfoma, lakini chaja za bei rahisi na inveta zinapiga kelele kwenye waya mpaka taarifa hazisikiki. Laini ya simu ndani ya kila mita inafaa vijijini kwenye wateja wachache, ila kila mita inakuwa na bili yake ya mwezi. Ombeni majaribio kwenye mtaa mbaya kuliko yote mlio nao. Mzabuni atawapeleka kwenye mtaa wa maonyesho, wenye nyaya mpya.

Sola juu ya mapaa italeta mambo ambayo waliotufundisha sisi hawakuyajua. Zamani umeme ulishuka tu, kutoka kituoni kwenda nyumbani, na volti zilipungua kadri unavyokwenda mbali. Sasa nyumba ya mwisho wa laini yenye paneli nyingi inazipandisha volti mchana, jua likiwa kali na mtaa uko kazini. Jioni jua likizama na majiko yakiwashwa, zinaanguka. Tepu ya transfoma ya mtaani, yaani sehemu ya kurekebishia volti zake, haijibadilishi yenyewe, unaiweka mahali pamoja umeme ukiwa umezimwa. Ukiipanga ifae saa nane mchana, saa mbili usiku watu wanalia, na ukiipanga ifae usiku, mchana unaunguza vifaa. Kenya walitoa kanuni za mteja kurudisha umeme kwenye gridi mwaka 2024, na mwaka 2023 walishaweka bei maalumu ya kuchaji vyombo vya usafiri vya umeme, saa za mzigo mdogo bei ikiwa nusu. Bei ya namna hiyo inahitaji mita inayojua saa, siyo inayojua uniti peke yake. Nanyi mnahitaji kujua pikipiki mia zikichaji usiku zitachajia transfoma ipi.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ni uhai wa watu. Laini iliyozimwa siyo laini isiyo na umeme. Jenereta iliyounganishwa vibaya au inveta ya sola isiyojizima inaweza kurudisha umeme kwenye waya ambao kwenye skrini yako unaonekana umekufa. Transfoma ikipokea volti 230 upande wa chini, inazipandisha kuwa maelfu upande wa juu, bila kujali nani yuko nguzoni. Skrini ikikuambia pamezimwa, pima. Ukishapima, weka athi, yaani waya wa kuupeleka umeme ardhini, pande zote mbili za mahali unapofanyia kazi. Hata kama mkuu anapiga simu kuuliza kwa nini mnachelewa, pima na uweke athi.

Someni pia kilichotokea Ukraine tarehe 23 Desemba 2015. Wadukuzi waliingia kwenye kampuni tatu za usambazaji kupitia barua pepe zilizobeba faili zenye virusi, wakakaa humo miezi wakijifunza, kisha siku hiyo wakafungua kwa mbali breka za vituo, yaani swichi kubwa ambazo zikifunguliwa umeme unakatika, wafanyakazi wakiangalia kishale kikitembea chenyewe kwenye skrini. Wateja wapatao 225,000 walikaa gizani. Wakazijaza hata simu za huduma kwa wateja ili malalamiko yasipite. Umeme ulirudi ndani ya saa chache kwa sababu mafundi walipanda magari, wakaenda vituoni, wakafunga breka kwa mikono. Kwa hiyo mtakapofunga swichi za kuongozwa kwa mbali, hakikisheni bado kuna watu wa zamu wanaojua swichi ile iko wapi, ufunguo wa geti uko kwa nani, na mpini unavutwa upande gani. Na faili lililokuja kwa barua pepe kutoka kwa mtu usiyemtarajia, usilifungue kwenye kompyuta inayogusana na mifumo ya uendeshaji.

Kuna vipimo viwili mtaulizwa kila mwezi: SAIDI, inayosema mteja wa wastani alikaa gizani muda gani, na SAIFI, inayosema alikatikiwa mara ngapi. Vyote viwili vinahitaji kujua ni wateja wangapi waliokuwa kwenye laini iliyokatika. Kama orodha ni ya kukisia, navyo ni vya kukisia, hata ukivichora kwa rangi nzuri namna gani.

Basi miezi yenu mitatu ya kwanza, kabla hamjaomba kozi ya programu yoyote, ombeni kufuatana na timu ya dharura zamu ya usiku. Tembeeni laini moja nzima, kutoka breka ya kituoni mpaka nguzo ya mwisho. Kisha ulizeni ni mafundi gani wanastaafu mwaka huu. Wanaondoka na mambo ambayo hayamo kwenye mfumo wowote: swichi ipi imegoma tangu mvua kubwa, transfoma ipi ilibadilishwa usiku wa Idi bila fomu, nguzo ipi ina laini mbili zinazopishana na ramani inaonyesha moja. Chapisheni ramani ya eneo kwenye karatasi kubwa, nunueni kalamu nyekundu, mfuateni fundi alipo wakati ameshamaliza chai. Msimuulize maswali mengi. Mpeni kalamu, mwacheni achore.