Mchele upikwe, simu ifunguliwe

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: simu ikitumbukia majini, kweli mchele unaiokoa? Jibu langu ni hapana. Na kila saa simu inayokaa kwenye gunia au bakuli la mchele ni saa ambayo uharibifu unaendelea.

Maji peke yake hayaui simu haraka. Kinachoua ni maji yakikutana na umeme. Bodi ya simu ina njia za shaba nyembamba sana, na baadhi yake hupata umeme wa betri muda wote, hata kioo kikiwa kimezimika. Maji yenye chumvi au madini yakigusa njia mbili za namna hiyo, umeme hupita mahali pasipo pake na shaba inaanza kuliwa. Ule unga wa kijani au mweupe ambao fundi anaukuta ndani ndio matokeo yake, na hauondoki simu ikikauka. Mchele hauufikii kabisa.

Kwa hiyo kwanza zima. Usifungue kamera kuona kama bado inafanya kazi, na usichomeke chaja kuijaribu, hata chaja isiyo na waya. Ikiwa imejizima yenyewe, iache hivyo hivyo. Kama ni simu ya mfuniko unaofunguka, toa betri mara moja. Vua kava, chomoa trei ya laini pamoja na memori kadi, futa kila kitu, kisha shika simu tundu la chaji likitazama chini na uigonge taratibu kiganjani. Kuitikisa kwa nguvu au kuipuliza kwa mdomo kunasogeza maji kwenye sehemu ambazo hayakuwa yamefika. Drai ya saluni ni mbaya zaidi: joto linalegeza gundi inayoziba kioo na mgongo, halafu upepo unayasukuma maji ndani. Kuianika juani juu ya bati nako ni kuiumiza betri.

Laini yako haina shida. Ifute, ikauke, iweke kwenye kitochi. Pesa ya mtandao haikai ndani ya simu, iko kwenye akaunti ya namba yako, kwa hiyo mwenye M-Pesa atapiga *150*00# kama kawaida na biashara itaendelea. Ukiwa na simu mbadala mkononi, hutakuwa na pupa ya kuiwasha ile iliyolowa, na pupa hiyo ndiyo inayozimaliza nyingi.

Sasa, yalikuwa maji gani? Kwa mkazi wa Dar hili ni swali zito. Maji ya mvua yana madini machache. Ya bomba yana kiasi. Lakini visima vingi vya jiji hili vina maji ya chumvi, na ndoo ya bafuni inaweza kuwa imejazwa humo. Bahari ya Coco Beach au ya pale Kivukoni ndiyo mbaya kuliko yote. Ile alama ya IP68 ya simu zenye kinga ya maji, ambayo watu wanaitegemea, hupimwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, simu ikiwa mpya. Haiahidi chochote kuhusu bahari, sabuni, soda wala chai ya maziwa, na gundi yake huchakaa kadiri simu inavyozeeka au kuanguka.

Simu yenye alama hiyo ikiingia baharini, izime, isuuze nje kwa maji safi, kisha uikaushe. Isiyo na kinga ambayo betri yake haitoki, usiisuuze wala usisubiri ikauke. Ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo ikiwa bado mbichi. Chumvi ikishakauka ndani hubaki palepale, na hewa yetu ya pwani yenye unyevunyevu inaiamsha kila siku.

Kama yalikuwa maji safi na machache, ikaushe kwa upepo. Isimamishe mbele ya feni, trei ya laini ikiwa nje, kwa saa 24 hadi 48. Chumba chenye AC ni bora zaidi, kwa kuwa AC hupunguza unyevu hewani. Vile vifuko vidogo vya kufyonza unyevu vya kwenye maboksi ya viatu vinasaidia ndani ya chombo kinachofungika vizuri, ila vilivyokaa wazi muda mrefu vimeshashiba unyevu. Kuhusu mchele, mwanzoni mwa 2024 Apple walionya waziwazi wenye iPhone wasiutumie, kwa kuwa chembe zake zinaweza kuharibu simu.

Kwa fundi, iwe mtaa wa Aggrey pale Kariakoo au mtaani kwako, muulize kabla hajashika bisibisi: utafungua ngao za chuma zilizofunika chipu? Utasafisha kwa kutumia kitu gani? Jibu zuri ni kwamba atachomoa betri kwanza, atoe bodi, aisugue kwa brashi laini na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Spiriti ya duka la dawa mara nyingi ni asilimia 70. Kinachobaki karibu chote ni maji. Akisema thina, chukua simu yako uondoke, kwani inayeyusha plastiki za soketi na gundi. Anayepuliza blowa tu na kufunga amekausha, hajasafisha. Simu hiyo itawaka leo, baada ya wiki mbili itapoteza mtandao au kumaliza chaji ovyo.

Ikiwaka, usianze na WhatsApp. Hamisha picha, namba na mafaili yako yote kwanza, maana huenda hiyo ndiyo nafasi pekee utakayopata. Kioo kikijibonyeza chenyewe, zima kabla hakijapiga simu au kutuma kitu. Mgongo ukianza kuinuka, betri imevimba: usiichaji, usiitoboe, fundi aitoe. Na kama simu ilikuwa na kinga ya maji, mwambie fundi abandike gundi mpya anapoifunga. Asipofanya hivyo, mvua ya dakika tano kituoni Ubungo itatosha kuirudisha mezani kwake.