Mume wangu anasema Rais alisharuhusu

SWALI

Shikamoo Bibi. Nina miaka 31, naishi Sakina, Arusha, nafua mashuka katika hoteli moja hapa mjini. Mume wangu ni dereva wa watalii. Tuna mabinti wawili, wa miaka sita na wa miaka miwili. Natumia sindano ya miezi mitatu. Ya mwisho nilichomwa Februari 10. Mei 12 nilirudi zahanati nikaambiwa zimekwisha, nije wiki ijayo. Wiki ijayo ilipofika, vilevile. Mume wangu anafurahi. Anasema hata Rais alishasema wanawake waachane na mambo hayo, elimu ni bure, nchi inataka watu. Nesi naye anasema serikali inataka tupange uzazi. Nimsikilize nani?

Mama wa Wawili, Mei 26

JIBU

Marahaba mwanangu. Tuanze na tarehe, siasa baadaye. Sindano hiyo, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, inaweza kuchelewa hadi wiki nne baada ya siku ya kurudi. Kwako mwisho ni Juni 9, na gazeti hili likikufikia, mwezi wa Juni utakuwa unaisha. Kama hukuipata, tumieni kondomu kuanzia leo, kapime mimba kwanza, ndipo uchomwe au ubadilishe njia.

Sasa huyo Rais. Mumeo hakusema uongo. Mwaka 2016 hayati Magufuli alisema elimu ni bure, wanawake wanaweza kuachana na uzazi wa mpango. Alirudia 2018 kule Meatu, na mwezi huohuo Wizara ya Afya ikasimamisha matangazo ya uzazi wa mpango. Lakini dereva hushinda na redio, basi asijifanye hakusikia Oktoba 2022, Rais Samia akiwa Geita, alipowaomba watu wapunguze kasi ya kuzaa. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 61,741,120. Mkubwa wako alizaliwa baada ya hotuba za Magufuli, mdogo baada ya ile ya Samia. Nakuuliza kwa nia njema: yupo hata mmoja ambaye mimba yake ilitungwa kwa sababu ya hotuba?

Nilianza uuguzi 1991, zahanati moja ya mlimani upande wa Kibosho, mwaka mmoja kabla nchi haijapata Sera ya Taifa ya Idadi ya Watu. Hotuba sikuiona ikiingia chumba cha uzazi wa mpango. Kilichoingia ni karatasi. Pale kwetu mama alidaiwa saini ya mume kabla ya kuwekewa lupu, yaani kitanzi, na daktari hakukubali vinginevyo. Kwa sindano, sisi manesi tulifumba macho. Basi akina mama wakawa wanataka sindano tu, hata yule ambaye damu yake ilikuwa haikatiki kwa sababu ya hiyo sindano. Sindano haina pakiti ya kufichwa chini ya godoro kama vidonge, haina uzi kama lupu. Mmoja kadi yake aliizika ndani ya debe la ulezi wa mbege. Takwimu zilipokwenda wilayani zilionyesha kwamba wanawake wa kata yetu "wanapenda sindano". Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Ndiyo maana watu wakisema wenzi wamechagua njia, mimi hutazama kwanza walipewa ipi. Kule India, mwaka 1976, wakati wa hali ya hatari, wanaume zaidi ya milioni sita walifungwa uzazi, wengi kwa vitisho. Serikali ile iliangushwa kwenye uchaguzi wa Machi 1977, na tangu hapo karibu kila anayefungwa uzazi kule ni mwanamke, ingawa upasuaji wa mwanaume ni mdogo na salama zaidi. Wakubwa walikosea, na kisu kikahamia kwa wake.

Hata sera ya nchi ya mbali inafika Sakina. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada, shehena ya vijiti (vile vya kuwekwa chini ya ngozi ya mkono), vitanzi na vidonge vya uzazi wa mpango, iliyokwisha kulipiwa, ilikwama ghalani Ubelgiji. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizokuwa zikiisubiri.

Kuna na sheria ya kazi, ambayo wanawake wengi wa hotelini hawajaisoma. Likizo yako ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, 100 kwa mapacha, katika mzunguko wa miezi 36, na mwajiri halazimiki zaidi ya mara nne. Mzunguko huo huhesabiwa tangu ulipoajiriwa, siyo tangu ulipojifungua. Muulize mhasibu wako upo mwezi wa ngapi. Hiyo nayo ni sera ya uzazi, ila haikuandikwa jina hilo.

Halafu, mwanangu, niseme la mwisho la uzee. Mabinti wawili, na mume anayemtaja Rais. Nadhani huyo baba anatafuta mtoto wa kiume na anaona haya kusema. Kwetu Uchagani ningejua mara moja: ni kihamba, shamba la ukoo, anaogopa kitakosa mrithi. Kwao sijui ni wapi, lakini mwambie Sheria za Ardhi za 1999 zinampa mwanamke haki sawa ya kumiliki. Ukoo una maneno yake, najua. Nimeshakaa kwenye vikao hivyo. Watalii wakishajaa Julai hutampata, basi mkalishe Jumapili moja kabla, muulize akizaliwa binti wa tatu itakuwaje. Usiongeze neno, mwache ajibu.

Ukitaka njia isiyokupeleka kabatini kwa nesi kila miezi mitatu, kuna kijiti, cha miaka mitatu au mitano kulingana na aina, na kitanzi cha shaba, miaka kumi na zaidi. Vyote hutolewa siku mnapotaka mtoto, na uwezo wa kushika mimba hurudi upesi kuliko baada ya sindano, ambayo hukawiza miezi kadhaa. Ukifika kituoni uliza mambo mawili: kijiti kipo? Na hapa nani anajua kukitoa? Wakikosa jibu la pili, panda daladala, nenda kituo kingine.