Unataka Kutafiti Sola za Polima? Anza na Swali Unaloweza Kulipima

Wiki hii makala yetu ya utafiti imekubaliwa na jarida. Nimelia, nimemshukuru Mungu, nimempigia mama simu nyumbani Katonga, Kigoma. Kabla hata sijatulia, kijana mmoja wa Kasulu anayemalizia shahada ya kemia akaniandikia: "Dada hongera. Na mimi nataka kusomea polima za sola, ila chuoni kwetu vifaa hakuna. Nitafute kwanza ufadhili wa nje?"

Mdogo wangu, hapana. Anza na swali. Ufadhili utakukuta njiani ukiwa tayari unafanya kazi. Nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu najua mko wengi mnaoota ninachoota mimi.

Ukitaja sola hapa Kigoma, mtu anafikiria zile paneli za silikoni zinazouzwa mtaa wa Mwanga, hapa mjini. Ninazozisomea mimi ni nyingine, zinatokana na polima, yaani kampaundi za jamii ya plastiki. Mwaka 1977 wanasayansi Shirakawa, MacDiarmid na Heeger walionyesha kwamba polima ikitiwa kemikali fulani inaweza kupitisha umeme vizuri mno, na mwaka 2000 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Kazi iliyofuata ilikuwa kuzifanya polima za aina hiyo zivune mwanga. Ugumu wake ni huu: polima ikifyonza mwanga, elektroni inaruka lakini haiendi mbali, inabaki imeshikamana na nafasi iliyoiacha. Jozi hiyo husafiri kama nanomita 10 tu, kisha inazimika. Kwa hiyo polima inayotoa elektroni na kampaundi inayozipokea huchanganywa ndani ya utando mmoja, kama mahindi na maharage kwenye kande, ili kila jozi iwe karibu na mpaka wa kutengana. Kundi la Heeger lilionyesha njia hiyo mwaka 1995, na hadi leo ndiyo inayotumika.

Na mchanganyiko huo, kabla haujakauka kuwa utando, ni kimiminika! Unaweza kuuchapa juu ya plastiki laini, ukapata sola nyepesi ya kukunja. Nilipolielewa hilo chuoni sikulala. Mimi nimekulia kwa wavuvi. Nimeona karabai za kuvulia usiku zikiondoka mitumbwini na taa za betri zikiingia, nimeona vijana wakibeba betri nzito kwenda kuchajisha kabla giza la mwezi halijaisha. Sola ya kuviringisha kama mkeka, ya kubeba hadi mwaloni, kwangu hayo si maneno ya kitabuni.

Kwa nini basi hatuzioni madukani? Tatizo kubwa si ufanisi tena, yaani sehemu ya mwanga inayogeuka umeme. Mwaka 2019 wanakemia wa China walivuka asilimia 15 kwa kampaundi ya kupokea elektroni inayoitwa Y6, na baadaye seli za maabara zikavuka 19. Paneli nzuri za silikoni zinazouzwa ziko kwenye ishirini na kidogo. Tofauti imebaki ndogo. Kinachozirudisha nyuma ni maisha yake. Silikoni inakaa juu ya bati miaka zaidi ya 20, ila polima inashambuliwa na oksijeni, unyevu, joto na mwanga huohuo inaouvuna. Nilipofika hapo ndipo nilipopata swali langu. Jua, joto na unyevunyevu wa ziwa, vyote ninavyo nyumbani.

Niliandika pendekezo: nitengeneze tando za P3HT, polima iliyochunguzwa sana kuliko nyingi, juu ya vioo, niziweke kwenye jua la Kigoma, nipime zinavyoharibika. Siku ya kulitetea, mzee mmoja kwenye jopo alifunga karatasi zangu akasema, "Binti, kwenu mnaanika dagaa, sasa umekuja hapa kuanika vioo." Wakacheka. Sijalisahau hilo, na sitajifanya nimelisahau. Mama yangu amenisomesha kwa dagaa wa kuanika. Anajua kuliko watu wengi jua linafanya nini, na mvua ya siku moja inaharibu nini kwenye chanja.

Msimamizi wangu alinitetea, pendekezo likapita. Miezi ya kujaza fomu naiacha.

P3HT yenyewe nilipewa na profesa mmoja wa Afrika Kusini: kichupa chenye unga mweusi, miligramu chache tu. Mashine ya kuzungusha vioo, ili tone lisambae kuwa utando mwembamba, hatukuwa nayo. Fundi redio mmoja pale Mwanga akachukua feni ya kompyuta kuukuu, akaing'oa mapanga, akaiwekea kitufe cha kurekebisha mwendo. Nilipanda nayo treni hadi Dar es Salaam. Kwenye maabara ya chuo niliyeyusha ule unga kwa kiyeyusho kiitwacho klorobenzini, ukawa mwekundu wa machungwa. Unadondosha tone kwenye kioo, unawasha feni, na mbele ya macho yako rangi inageuka: kiyeyusho kinakauka, molekuli zinajipanga, utando unakuwa wa zambarau. Nimeona hilo mara nyingi na bado nafurahi kila mara.

Vioo nikavigawa mafungu matatu. Fungu moja wazi juu ya bati nyumbani. La pili nikalifunika kwa kioo kingine na kuziba kingo kwa gundi ya epoksi. La tatu nikalifunga kwa karatasi ya aluminiamu, nikaliweka sandukuni gizani. Vile vya wazi vilianza kupauka siku chache tu baadaye, kutoka zambarau hadi waridi, kisha karibu vyeupe. Vilivyozibwa vikashikilia rangi yake kwa muda mrefu zaidi, ila vile ambavyo gundi haikushika vizuri pembeni, weupe uliingilia kwenye kona na kutambaa kuelekea katikati. Msimu wa mvua ulipoingia ndipo kona zile ziliponieleza mengi kuhusu unyevu. Vipimo vyote vilifanywa kwa spektrofotomita ya kawaida, kifaa cha kupima mwanga unaofyonzwa, ambacho vyuo vyetu vingi vinacho.

Sasa nisikilizeni, ndugu zangu wa Kigoma, Kasulu, Kibondo, Uvinza. Msiambiwe kwamba sayansi ipo tu penye mashine za mamilioni. Maabara nyingi za Ulaya huwasha taa ndani ili kuiga jua, sisi jua letu linachomoza bure. Chagueni swali dogo. Nasema tena, swali dogo, linalopimika kwa kifaa mlichonacho, na litoke mahali mnapopajua. Mtakaposikia kicheko, endeleeni kupima.

Ukimwandikia profesa usiyemjua, usimweleze ndoto zako kurasa mbili. Mwambie swali, ulichokwisha kupima, na kitu kimoja unachokosa. Ambatanisha grafu. Mimi niliomba unga tu, sikuomba nafasi ya masomo, na baadaye nafasi aliitaja yeye mwenyewe.

Klorobenzini usiifungue chumbani, mvuke wake una madhara. Fanyia kazi kwenye kabati la kufyonza hewa. Na lile fungu la gizani usiliruke hata kama vioo ni vichache, maana ndilo linaloonyesha kama kilichoharibu ni jua au ni muda tu. Wahakiki wa jarida walituuliza hilo kwanza, na jibu tulikuwa nalo.