Duma watatu pamoja, si tunaambiwa anaishi peke yake?

SWALI: Habari mtaalamu, mimi ni dereva wa watalii Serengeti. Tulifundishwa duma anaishi peke yake lakini juzi tumekuta watatu wakubwa wamelala pamoja wanalambana, wageni wakaniuliza kama ni familia nikakosa jibu la kueleweka. Hii imekaaje?

JIBU: Nzuri kaka, na umeuliza kitu cha maana sana. Anayeishi peke yake kweli ni jike, labda awe na watoto. Watoto wanaachana na mama wakiwa na kama mwaka na nusu, wanabaki ndugu kwa ndugu miezi kadhaa, halafu wa kike wanajitoa mmoja mmoja ila wa kiume mara nyingi wanabaki pamoja maisha yao yote. Kwa hiyo subiri wasimame, mkia ukiinuka angalia korodani, maana kukiwa na jike hapo basi ni vijana wametoka kwa mama juzijuzi tu au ni mama na watoto waliokua.

Wakiwa madume watupu usikimbilie kusema ni ndugu. Utafiti wa Tim Caro, mwanasayansi aliyechunguza duma hapohapo Serengeti, ulikuta makundi yenye dume wa nje kabisa, kapokelewa tu. Hata wale Tano Bora, kundi la madume watano wa Maasai Mara, hawakuwa wote wa tumbo moja.

Sababu kubwa ya madume kukaa pamoja ni eneo. Jike wa Serengeti anazunguka kama kilomita za mraba 800 akifuata swala tomi, hakuna dume wa kulinda yote hayo, so wanashika kipande kidogo, kama kilomita za mraba 40 hivi, pale majike wanapopenda kupita, na ukiwa mmoja kukilinda ni shida maana madume wakigombania eneo wanauana kabisa. Wanakojolea miti, miamba na vichuguu vilevile kila mara, jike akinusa anajua nani yupo, yaani hata huyo mpweke ana habari za majirani zake. Wala hashikamani na dume mmoja: vipimo vya DNA vilivyotolewa 2007, Serengeti hiyohiyo, vilionyesha zaidi ya asilimia 40 ya mizao yenye watoto wawili na kuendelea ina baba zaidi ya mmoja.

Ombi langu kwako: ukikuta dume anazunguka anaita, ule mlio mwembamba kama wa ndege, mara nyingi kapotezana na mwenzake. Zima injini, msimzingire na magari, na waambie wenzako kwenye redio wasisogee, anahitaji kusikia akijibiwa.