Ocean Road haikuwa ya kila mtu
Umeuliza kama Hospitali ya Ocean Road, iliyofunguliwa mwaka 1897, ilimtibu kila mkazi wa Dar es Salaam. La hasha, Wajerumani waliijenga kwa ajili ya Wazungu, ilhali Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji. Malaria, hata hivyo, haikujali mpaka huo (mbu habagui), na ndiyo maana kuanzia mwaka 1901 daktari Ollwig, akifuata njia ya mwanasayansi Mjerumani Robert Koch, aliendesha upimaji wa nyumba kwa nyumba, ambapo tone la damu lilitazamwa kwa hadubini na wenye vimelea wakapewa dawa ya kwinini, hata waliojiona wazima. Kwa maoni yangu, aliyekusudiwa kukingwa hasa alikuwa Mzungu.