Gazeti limenikosanisha na baba mdogo

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mtafiti wa sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka, hapa Dodoma. Mwezi uliopita nilimweleza mwandishi mmoja kuhusu sampuli za mahindi tulizochukua kwenye maghala ya kijiji kimoja. Kesho yake gazeti likaandika: "Mahindi ya Dodoma yana sumu." Baba yangu mdogo anauza nafaka Kibaigwa, hanisemeshi tangu siku hiyo. Nimeapa sitaongea tena na waandishi. Nimekosea?
Mtafiti, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Hicho kiapo kitengue. Mwaka 2016 sumukuvu ilipoua watu Dodoma na Manyara, nilikuwa bado chumba cha habari. Simu zililia kutwa, watu wanauliza kama ugali ukiiva sana sumu inakufa. Haifi, wewe unajua. Sisi ilibidi tumtafute wa kutuambia.

Halafu usimmalize yule kijana mwandishi. Kichwa cha habari kwa kawaida haandiki yeye. Huwekwa na mhariri jioni, nafasi ya maneno matano, chai imepoa. Nimeviweka vingi, na vingine bado vinanisuta.

Ila na wewe nakuuliza: ulianza na nini? Kama ni "mikrogramu kwa kilo", basi jamaa alibaki na neno moja tu alilolielewa, nalo ni sumu. Anza na "kijiji kimoja tu". Lirudie mwisho, tena taratibu, mpaka aliandike.

Na siku nyingine nenda na chupa. Ndiyo, chupa kavu ya kioo, chumvi kavu kidogo na konzi ya mahindi. Tikisa mbele yake, uache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi hayajakauka, yakiwekwa ghalani kuvu watayashambulia. Mwambie wazi kwamba hapo unapima ukavu, sumukuvu yenyewe hupimwa maabara. Hiyo picha hakuna mhariri ataiacha, na mkulima wa Chemba ataijaribu jioni hiyohiyo.

Usiombe kusoma habari nzima kabla haijatoka, utanyimwa. Omba akusomee kwa simu maneno yako na tarakimu zako tu.

Gazeti liandikie masahihisho, mistari mitatu, bila matusi. Kibaigwa nenda mwenyewe, usipige simu. Beba na ile chupa.