Bruda, ndugu au mlei? Na je, mtakatifu huabudiwa?

SWALI: Naandaa makala fupi kuhusu Mtakatifu Diego wa Alcalá kwa ajili ya jarida la kigango chetu. Nimeandika hivi: "Diego alikuwa padri mlei wa Wafransisko, na Wahispania wanamwabudu hadi leo." Katekista ameweka alama nyekundu mahali pawili, penye "padri mlei" na penye "wanamwabudu", ila hakuniambia niandike nini badala yake. Naomba msaada. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Katekista wako ana haki kwa yote mawili, na la kwanza ni zito kuliko linavyoonekana. Padri ni aliyepewa daraja la upadri. Mlei hana daraja. Ukiyaunganisha, maneno hayo yanakanushana. Diego, aliyezaliwa mnamo mwaka 1400 huko San Nicolás del Puerto, upande wa Seville, hakupata daraja maisha yake yote. Alijiunga na Wafransisko wa Arruzafa, karibu na Córdoba, akaweka nadhiri, akabaki ndugu wa kazi za mikono na wa kuhudumia maskini.

Nadhani "mlei" umeitoa kwenye vitabu vya Ulaya, ambako watu wa aina yake huitwa kwa jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa "ndugu mlei". Kisheria halina kosa, kwa kuwa kwa sheria ya Kanisa asiye na daraja ni mlei hata akiwa mtawa. Lakini kigangoni msomaji wako akisikia "mlei" anawaza Halmashauri ya Walei, WAWATA (chama cha wanawake Wakatoliki Tanzania), baba na mama wa familia. Hatamwaza mtu mwenye nadhiri anayeishi konventini, yaani katika nyumba ya watawa. Kwa hiyo andika "bruda". Ndilo neno la Wakatoliki wa Tanzania kwa mtawa wa kiume asiye padri, na halihitaji maelezo. Wingi ni "mabruda", na upatanisho ni wa a-wa: bruda amefika, mabruda wamefika. Kenya utasikia pia "bradha".

Ukipenda "ndugu", nalo ni zuri, maana ndivyo Fransisko wa Assisi alivyotaka wenzake waitwe. Chunga mawili tu. Vimilikishi vya "ndugu" hufuata desturi ya maneno ya ukoo: ndugu yetu Diego, ndugu zetu Wafransisko. Kuandika "ndugu wetu" kwa mtu mmoja ni kosa ninalolikuta hata kwenye vitabu vilivyohaririwa. La pili, shirika lenyewe kwa Kiswahili ni Ndugu Wadogo, lakini ukiandika "Diego alikuwa ndugu mdogo" bila herufi kubwa, msomaji atauliza: mdogo wa nani?

Nasisitiza neno hili kwa sababu maisha ya Diego hayaeleweki pasipo hilo. Mwaka 1441 alipelekwa Visiwa vya Kanari, na miaka michache baadaye akafanywa mkuu wa konventi ya Fuerteventura. Bruda kuwaongoza mapadri lilikuwa jambo la nadra sana. Ukimwita padri, umeifuta ajabu hiyo yote kwa neno moja. Mwaka 1450 alikwenda Roma kwa Jubilei na kwa kutangazwa mtakatifu kwa Bernardino wa Siena. Maradhi yakazuka kati ya mahujaji, na Diego akabaki kuwauguza katika konventi ya Aracoeli. Hata mchoraji Murillo, katika picha yake ya mnamo mwaka 1646 iliyoko Madrid, amemchora akiwa amepiga magoti kando ya sufuria kubwa ya chakula, mikono imekutana kwa sala, watoto wamelizunguka sufuria na maskini wamesimama kushoto na kulia. Huyo ni bruda kazini kwake.

Sasa "kuabudu". Katika Kiswahili cha Kanisa kitenzi hiki ni cha Mungu peke yake: tunamwabudu Mungu, tunaabudu Ekaristi. Watakatifu tunawaheshimu na kuwaomba watuombee. Kinachowachanganya wengi ni "ibada". Imetoka katika mzizi uleule wa Kiarabu, lakini Wakatoliki wameipanua, hata husema "ibada kwa Bikira Maria" pasipo kukusudia kumwabudu. Msomaji Mwislamu au Mpentekoste hana sababu ya kulijua hilo. Kama jarida lenu linasomwa nje ya kigango, mimi ningesema "heshima" na kuiacha "ibada".

Vilevile mwili wa mtakatifu, au sehemu yake, huitwa "masalia", wala si "mabaki", neno linalonuka makombo ya chakula. Kwa Diego utalihitaji. Alifariki Alcalá de Henares tarehe 12 Novemba 1463. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1562, Don Carlos, mwana wa Mfalme Felipe II wa Hispania, alianguka ngazini mjini humohumo akaumia kichwa vibaya, waganga wakakata tamaa. Masalia ya Diego yakaletwa hadi kitandani pake. Kijana akapona, na mfalme akaibana Roma kwa miaka mingi hadi Papa Sixtus V, naye Mfransisko, akamtangaza Diego mtakatifu mwaka 1588. Andika "akatangazwa", kwa kuwa "akafanywa mtakatifu" linamaanisha Papa ndiye aliyemtakasa, na Kanisa halifundishi hivyo.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Diego alikuwa bruda wa Shirika la Ndugu Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, na hadi leo waamini wa Hispania wanamheshimu na kuomba maombezi yake." Ukibanwa na nafasi, kata "wa Mtakatifu Fransisko". "Bruda" usiikate.